Mwanachama wa Kumi na Mbili

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila usingizi sina. Chumba changu kiko juu ya karakana ya kushona, na cherehani zikianza alfajiri kitanda hutembea hadi mlangoni.

Mama, nimekwama. Makao makuu ya Chama cha Kufaana hayatoi muhuri wala fedha za kuanzishia tawi mpaka majina kumi na mawili yatimie, na mwisho ni tarehe kumi na tano. Nilikuwa nao wote. Jana mpiga pasi mmoja, jitu la miraba minne, kaniambia msimamizi wake amemtolea macho, kwa hiyo anajitoa. Nimebaki na kumi na mmoja, roho juu juu. Nihamishie jina lako huku kutoka tawi lenu la nyumbani, mama. Jina tu. Wewe hutoki hapo ulipo.

Mwanao

9 Februari

Mwanangu Miguu,

Marahaba. Kifua kimetulia, sasa goti ndilo limeshika zamu. Umekula lakini?

Hili ni tawi lako la tano ndani ya mwaka mmoja, na nyumbani hujatia mguu mwaka wa pili. Unazaa matawi na kuwaachia majirani wayalee. Haya, kadi yangu hiyo ndani ya bahasha, ya miaka ishirini na mmoja. Mtunza hazina wetu alipofuta jina langu daftarini alinitazama kama mke anayedai talaka uzeeni. Nikamwambia mwanangu amepungukiwa na mtu mmoja.

Ila uje.

Mama yako

16 Februari

Mama,

Shikamoo. Goti limekuonea huruma? Tumepata muhuri! Katibu ni mshona vifungo, mwanamke asiyecheka na mtu. Muhuri nakaa nao mimi miezi sita ya kwanza, ndiyo taratibu ya mwenezi anayeanzisha tawi. Naandika nimesimama, basi linapiga honi. Kuna kiwanda cha sare mji wa pili. Mwezi ujao nakuja, bila shaka.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Machi imepita, Aprili imepita, sikuona mtu wala barua. Mwandiko huu ni wa jirani yangu. Maneno ni yangu.

Tarehe kumi na moja Aprili mashine ya kunyoosha mashuka ilinivuta mkono wa kulia. Vidole vipo vyote, usishtuke, ila vimeungua, na daktari anasema miezi mitatu. Msimamizi wa kiwanda cha kufulia atanishikia nafasi hadi mwisho wa Mei. Baada ya hapo nilete mtu wa kusimama badala yangu, la sivyo ataajiri mwingine.

Niliomba posho ya ugonjwa. Tawi la zamani wakasema mimi si wao tena. Tawi lako wakajibu kwa adabu kwamba kwa kanuni ya tisa anayehama tawi anaanza upya, hapati posho kabla ya miezi sita. Naikumbuka kanuni hiyo. Uliitunga wewe, kuwabana wanaorukaruka kutafuta tawi lenye pesa. Ulinisomea hapa mezani huku ukizunguka chumba, na mimi nikakupigia makofi.

Mama yako

8 Mei

Mama,

Shikamoo, na pole, pole sana. Barua yako nimeisoma nikitembea, sikuweza kukaa. Mjinga mimi! Kanuni ile niliwatungia walaghai. Wewe hukunijia akilini hata mara moja.

Lakini usihangaike, muhuri ninao. Nitagonga hati kwamba hukuhama kamwe, jina lako liliingia huku kwa makosa. Tawi la zamani watakulipa. Nani atajua?

Mwanao

13 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mkono unaniwasha, na hati yako inaniwasha zaidi.

Kama sikuhama, basi hao wamebaki kumi na mmoja, na tawi lao si tawi. Siku mmoja wao akiumia atakwenda na kadi yake kwa nani? Naogopa, sikufichi. Kodi inaniogopesha, na mwisho wa Mei unaniogopesha. Lakini hati hiyo usiigonge. Nenda ukasimame mbele yao, useme kanuni ni yako na mama ni wako, kisha ukae chini usikilize. Kukaa ndiko usikokujua.

Mama yako

27 Mei

Mama,

Shikamoo. Vidole vinakunjika?

Jumapili nilisimama mbele yao, kwenye chumba cha kukatia vitambaa, nikasema yote, hata lile la hati ya uongo. Nikaomba kanuni ya tisa ifutwe. Watano walikubali, sita wakakataa. Katibu mwenyewe alikataa: mfuko wao bado mchanga, ukifunguliwa kwa mama wa mwenezi utafunguliwa kwa kila mtu. Kisha akanyoosha mkono, nikampa muhuri.

Nilichukua kofia niondoke. Akasema, "Kaa, ndugu, mkutano haujaisha. Hebu tusomee kanuni ya tatu."

Nikasoma: mwanachama mgonjwa hutembelewa kwa zamu, awe na haki ya posho au asiwe nayo.

Mama, zamu ya kwanza wamenipa mimi. Nimelia mbele ya watu kumi na mmoja. Nafika keshokutwa; huenda nikaitangulia barua hii.

Mwanao

9 Juni

Kwa Katibu wa tawi letu,

Salamu kwenu nyote. Mimi sijambo kiasi, kidole gumba kimeanza kutii.

Mjumbe wenu alifika tarehe ishirini na tisa Mei, akiwa amechelewa miaka miwili. Barua hii anaiandika yeye, na hilo la kuchelewa nimemlazimisha aliandike. Kesho yake aliingia kiwandani badala yangu. Msimamizi analalamika kwamba anakunja mashuka vibaya na ubishi hauishi, lakini nafasi yangu ipo. Posho sidai, kanuni ile niliipigia makofi.

Fomu yenu ya zamu, aliyokuja nayo, nimeitia sahihi kwa mkono wa kushoto, mniwie radhi. Mwishoni inauliza kama mgonjwa anahitaji kuletewa mjumbe mwingine. Nimemwambia aandike hapana. Ameandika, kisha akavua viatu.

Mama yenu, wa kumi na mbili