Ijumaa za Kurwa

Toongabbie, Ijumaa. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, na mimi sina hamu hata ya chai.

Leo kazini, kwenye stoo ya makumbusho, nimeshinda na ndege wavumaji waliokaushwa, wale wadogo wafyonzao maua, wa misitu ya Amerika. Aina mbili za wavumaji waitwao wapweke zilichanganywa droo moja, nami nizitenganishe. Mmoja anaitwa mdomo-mrefu, mwenzake mkia-mrefu. Majina yenyewe hayasaidii kitu: wote wana midomo mirefu iliyopinda, wote wana mikia mirefu yenye ncha nyeupe. Zamani wataalamu waliwahesabu kuwa aina moja. Msimamizi wangu anasema wakiwa hai, nyimbo zao husaidia kuwatofautisha. Hawa wangu hawaimbi, kwa hiyo nilibaki na rula na vikaratasi vya mahali walipokamatwa.

Nikaanza kulia, mtu mzima na glavu zangu.

Pacha wangu Kurwa alifariki miezi miwili iliyopita, hospitalini Campbelltown. Mimi ni Doto. Tulifanana hadi sauti. Tulimzika huku huku ughaibuni, khitma tukaisoma Minto kimyakimya, kwa sababu baba mdogo, anayekaa na mama yetu kule Tanga, aliamua mama asiambiwe. Alisema moyo wake mgonjwa hautahimili. Basi Jumapili nampigia mama kama Doto, na Ijumaa, siku aliyokuwa akipiga Kurwa, nampigia kwa simu ya Kurwa.

Nilikubali mwenyewe. Sitamsingizia baba mdogo.

Na nikiri, uongo ule ulinipa raha. Dakika kumi kila Ijumaa, dada yangu alikuwa hai.

Leo nilipiga nikiwa stesheni, saa tisa alasiri, kwao asubuhi. Nikasema, "Shikamoo mama, Kurwa hapa." Akaitika, nami nikamngoja amalize.

"Doto mwanangu," akasema, "mwenzio hakuwahi kuningoja nimalize kuitikia. Nilijua tangu Ijumaa ya kwanza kuwa ni wewe, na kwamba yeye hayupo tena."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Niliona wewe ndiye hujawa tayari. Lakini nimechoka kumlilia chooni. Nataka watu waje, waketi mkekani, nimlilie mwanangu."

Miezi miwili mama amelia peke yake ili mimi nisiumie. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nimeshamwambia baba mdogo atandike mikeka. Ijumaa ijayo sitaishika simu ile, na hapo ndipo Kurwa atakuwa amenifia.