Nyusi za Kudumu kwa Mkono wa Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Leo kiwandani cherehani zilipozimwa nimewatangazia wote: binti yangu kahitimu. Si kusuka, si kucha. Nyusi za kudumu — anachanja wino kwenye ngozi kwa kisindano, unaosha uso na hazitoki. Na uso wa kwanza ni wangu. Bi Mikasi, mkata vitambaa wetu, akasema heri, maana joto likipanda nyusi zangu za penseli hushuka mpaka shavuni. “Zishonwe kabisa, Mama Sifa.” Tumecheka mpaka msimamizi akachungulia. Jumamosi wanakuja kutazama. Zikikaa vizuri, nao watafanyiwa. Wateja hao!

Jumanne, 4 Machi
Binti kaja na ngozi ya bandia anayofanyia mazoezi. Vistari vyembamba kama nywele kabisa. Mkono ule kautoa kwangu, nani abishe.
Halafu akauliza: mama, unatumia dawa yoyote? Hasa za kufanya damu iwe nyepesi? Mtu wa dawa hizo hutoka damu nyingi, wino haushiki, nyusi zinabaki madoa.
Nikamwambia mimi mzima kama chuma.
“Kweli, mama?”
“Lini umenikuta kitandani?”
Hajui. Mwaka jana, yeye akiwa masomoni, mdomo ulinipinda, jioni ukarudi. Daktari akasema ni kiharusi kidogo, kimepiga hodi tu, akanipa vidonge hivyo hivyo vya damu. Ningemwambia angeacha chuo aje kunichunga. Namjua.

Jumatano, 5 Machi
Nimeacha vidonge. Mpaka Jumamosi tu. Daktari alinikataza kuruka hata kimoja. Sawa, lakini yeye hana binti anayefungua saluni.

Alhamisi, 6 Machi
Kichwa kizito. Mawazo hayo. Nimempigia binti nimwambie. Kabla sijafungua mdomo akasema, mama, bila wewe nisingethubutu — uso wa kwanza ukiharibika mbele za watu, ndiyo basi tena.
Nikamwuliza kama amekula.

Jumamosi, 8 Machi
Niko saluni kwake. Chumba kimoja nyuma ya duka la vipodozi, lakini sakafu inang’aa kama sahani. Kanikalisha wima, kapima uso wangu kwa uzi wenye rangi, huku na huku, kama fundi apimaye kola. Kachora umbo, kanipa kioo. Nimejitazama mara mbili. Nilikuwa mzuri.
Wenzangu wamejazana mlangoni. Bi Mikasi anagombania zamu ya pili na mpiga pasi. Nimewaambia wapange foleni, huyu si fundi wa kuchezea.
Sasa kanipaka dawa ya ganzi kwenye nyusi, kafunika na nailoni, tunasubiri ishike. Naandika kupoteza muda.
Daftari limeniponyoka. Vidole vya kushoto havisikii kitu. Nimevifinya. Bado. Labda nimekalia mkono. Sijaukalia.
Binti kainama, barakoa usoni, macho tu ndiyo nayaona. Yanacheka. Ananiuliza kama nyusi zimekufa ganzi tayari.
Nimeitikia kwa kichwa.
Anavaa glavu. Nataka kumwambia asubiri kwanza — wenzangu wameshanyanyua simu, wanapiga picha