Orodha ya Khitma Niliyompa Ami

Sparkhill,
Birmingham.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Mwatima,

Assalamu alaikum. Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako halikusumbui tena unapopanda ngazi za hospitali ya Chake. Miwani mipya umeizoea? Mama anauliza kama karafuu zenu ziliwahi kukauka kabla ya mvua.

Sisi hapa hatujambo kiasi. Ridwan bado anakohoa. Ukungu umerudi nyuma ya kabati la chumba chetu, na Baba ameupaka ukuta rangi kwa mara ya tatu. Mimi nina mitihani mwezi wa Mei, kwa hiyo nakaa sana maktaba.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nashindwa kusema. Jumapili iliyopita ulipoomba kuzungumza nami, nilijibu "naam" na "inshallah" mpaka mtandao ukakatika. Najua Ami Abdulnasir, mdogo wako, alikupigia kabla yetu, akakwambia kwamba nataka kumpeleka mahakamani. Naomba usome na maneno yangu, polepole, kama unavyosoma barua zangu zote ukiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Unaikumbuka orodha ya khitma, ya watu wa kuarifiwa mtu wetu akifariki. Nilianza kuiandika nikiwa na miaka kumi na tatu, mzee mmoja wa Makunduchi alipofariki hapa na nusu ya watu wetu hawakujua mpaka ameshazikwa. Baba akasema, "Asmahan ana mwandiko mzuri, aandike yeye." Nikapita mlango kwa mlango na Mama, kutoka Sparkhill mpaka Castle Vale. Unanijua, kugonga mlango wa mtu tu kunanitoa jasho. Lakini watu walinipa nambari zao za simu bila kuniuliza kitu. Bibi mmoja alinipa hata ya mwanawe ambaye hawasemezani, akasema, "Siku yangu ikifika, na yeye mwambieni." Wakongo wa Castle Vale ni Wakristo, lakini waliomba waandikwe pia, wapate kuja kutoa pole. Mwisho kabisa, nambari ya mia mbili na sita, niliandika yako, kwa sababu ulisema yeyote atakayefariki huku, wewe utamsomea huko.

Februari mwaka jana Ami aliniomba orodha ile. Alisema anataka kuwaalika watu kwenye akika ya mwanawe aliyezaliwa. Nilimtumia papo hapo. Shangazi, huyu ndiye aliyenipeleka maktaba kila Jumamosi tangu nina miaka saba, akinisubiri ndani ya gari mpaka nimalize kuchagua vitabu. Kwenye akika walikuja watu kumi na watano. Nilishangaa kidogo, kisha nikasema moyoni kwamba nyumba yake ni ndogo.

Ami anafanya kazi kwenye kampuni ya kupangisha nyumba kule Acocks Green, na kazi yake ni kuweka matangazo mtandaoni. Sikujua kwamba mwenye tangazo anaweza kuchagua nani alione na nani asilione. Anaweza hata kupakia nambari za simu na kuagiza: hawa wafichwe. Kisha kompyuta inawatafuta watu wengine wanaofanana na hao, nao inawaficha. Bosi wake, Derrick, alikuwa amechoka kupokea simu za familia kubwa na watu wenye lafudhi. Akamwambia Ami atafute njia. Ami akapakia orodha ya khitma.

Aliyegundua kwanza ni Bi Valérie, Mkongo anayefanya usafi shuleni kwetu. Siku moja alikaa na mwenzake Mwingereza, wote wawili wanatafuta nyumba kwenye simu. Mwenzake alionyeshwa nyumba tatu kabla chai haijapoa. Yeye alionyeshwa bima ya mazishi. Akaenda kwa wakili, anaitwa Neeta, na wakili akaona kwamba si yeye peke yake. Ikafunguliwa kesi ya pamoja, yaani watu wengi wenye dai moja wanashtaki kwa pamoja. Wanaishtaki kampuni ya nyumba na kampuni ya mtandao iliyolipokea lile agizo. Mama alijiunga mwezi wa Juni. Ami alijua, na bado alikuja kula kwetu kila Ijumaa.

Mwezi uliopita mahakama iliilazimisha kampuni kutoa karatasi zake. Wakili akatuita kwenye ukumbi wa kanisa kule Castle Vale, nami nikaenda kumfasiria Mama. Hapakuwa na majina, nambari tupu, ukurasa baada ya ukurasa, zote za hapa Uingereza. Kwenye mstari wa mwisho palikuwa na moja tu ya Tanzania. Yako, Shangazi. Nimeihifadhi kichwani tangu utotoni. Mdogo wako amekufichia nyumba za Birmingham, wewe ambaye hujawahi hata kuomba viza.

Mama aliniuliza, "Umeona nini?" Nilimwambia tulipofika kituo cha basi.

Kwenye karatasi hizo ipo nyumba ya vyumba vitatu, mtaa wa pili kutoka shuleni kwangu. Ilitangazwa kwa siku kumi na tisa mwezi wa Januari mwaka huu. Siku hizo Ridwan alikuwa amelazwa kwa pumu. Ami alikuja kumwona, akamletea zabibu, akaketi kitandani pake akimchekesha. Hilo siwezi kulisahau. Hata nikisoma kitabu, nafika mwisho wa ukurasa naona zabibu.

Ijumaa iliyofuata Mama hakungoja Ami avue viatu.

"Miaka miwili, shemeji, nakuuliza nyumba. Unanijibu hali ngumu."

"Ni kompyuta ile, shemeji. Mimi nabonyeza tu."

"Na pilau yangu, nayo ulikuwa unaibonyeza?"

Baba alitazama zulia. Ami hakula. Wakati wa kuondoka aliniita ukumbini, akanishika bega kama zamani, akasema, "Mwanangu, waambie tu kwamba watu walikubali nambari zao zitumike kwa matangazo. Neno moja. Nani atakubishia wewe, mtoto wa vitabu?"

Kuchukua orodha kwa kunidanganya ni jambo moja. Lakini hapa alinitaka niseme uongo kwa sababu anajua watu wananiamini, na yeye ndiye aliyenijengea sifa hiyo, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Alhamisi hii natakiwa kwa wakili kutoa maelezo yangu. Baba alisema mambo ya ndugu huishia ndani ya nyumba. Najua pia kwamba Ami anaweza kufukuzwa kazi, na dawa zako za presha ni yeye anayezituma. Nimekaa na jambo hili wiki tatu. Watu wale walinipa nambari zao ili waitwe kwenye msiba. Nilizitoa bila kujua. Nikisema walikubali, nitakuwa nimezitoa mara ya pili, na mara hii nikijua. Kwa hiyo nitasema kweli, Shangazi. Ukinikasirikia nitaumia, lakini nitakuwa nimekwambia mwenyewe.

Leo asubuhi Baba alikuwa akinywa chai, akauliza bila kuinua kichwa, "Huyo wakili yuko mtaa gani?" Nikamwambia. Akamaliza kikombe chake, kisha akasema, "Basi la saa tatu hujaa. Tutoke mapema."

Orodha ya zamani nimeifuta. Nimenunua daftari, na tangu jana napita tena kwenye milango, namweleza kila mtu kilichotokea, ndipo namwomba. Mzee mmoja alinifungia mlango, na simlaumu. Yule bibi asiyesemezana na mwanawe alisema, "Yangu andika. Ya mwanangu iache, mpaka nimuulize mwenyewe." Nadhani atalazimika kumpigia simu.

Baba, Mama na Ridwan wanakusalimu sana. Nisalimie Zuwena na wanawe, na jirani yako mshona kofia. Mwenyezi Mungu akupe afya, akulinde wewe na nyumba yako, na atulainishie mioyo sote, na Ami pia, ingawa dua hiyo bado inanitoka kwa shida.

Mstari wa mwisho kwenye daftari nimeuacha wazi. Sitaandika kitu hapo mpaka unijibu. Je, naweza kuiandika nambari yako?

Mtoto wa kaka yako, akupendaye daima,
Asmahan Ahmada