Matope ya Mama Yako

Shizuoka

Mwanangu Chinami,

Huku wameanza kuchuma chai, nasi tunaendelea vizuri. Nimemaliza kuunganisha kifaru changu kipya cha vita, kile cha plastiki kinachoenea kiganjani. Nimekipaka rangi, lakini kilikuwa kinang'aa mno, kama mwali.

Kwenye simu sikukuambia hili: tangu mama yako apooze mkono wa kulia, alikuwa hataki kushika kitu chochote. Hata wali nilimlisha mimi, naye akitazama ukutani kwa aibu.

Jana alinikuta napaka rangi ya matope kwenye minyororo ya kifaru. Akasema, "We mzee, hayo matope au uji? Hebu lete hapa!"

Akashika brashi kwa mkono wa kushoto. Mkono ukatetemeka, rangi ikaruka kila upande, mpaka puani kwangu. Nikadhani atalia. Akakitazama kifaru, kimechafuka kana kwamba kimevuka mashamba ya mpunga, akacheka.

"Sasa ndiyo kimetoka vitani," akasema. "Nina njaa. Nipe kijiko, nitakula mwenyewe."

Nusu ya supu ilimwagika. Sijawahi kupiga deki kwa furaha namna ile.

Akukumbukaye kila siku,
Baba yako Kihachi