Shimo la Ndizi za Harusi

Tata,

Nakuandikia nikiwa Kashai, chumbani kwangu. Mvua inapiga bati, na madaftari ya kidato cha pili yako mezani hayajasahihishwa. Tangu tukuzike pale kibanjani Muleba, katikati ya migomba yako, sijaweza kufundisha somo la gesi bila kukwama katikati ya sentensi. Wanafunzi wananitazama. Nafuta ubao, naanza upya.

Nadhani hata wewe hukujua kilichokuua. Basi mimi mwanao, niliyesomeshwa kemia kwa kahawa yako, nikueleze, maana huku wameshaeleza vingine kabisa.

Harusi ya mdogo wangu Adventina ilihitaji pombe ya rubisi ya kutosha ukoo mzima, na wewe hukutaka kuaibika mbele ya wakwe. Ukachimba shimo la kuivishia ndizi, refu kuliko yote uliyowahi kuchimba; mtu akisimama ndani haonekani. Ukapanga ndizi, ukaingiza moshi, ukafunika kwa majani ya migomba na udongo, kama baba yako alivyokufundisha. Lakini ndizi zikiwa zinaiva zinapumua, Tata. Zinavuta hewa hii hii tunayovuta sisi na kutoa hewa ya ukaa, nayo ni nzito, inatulia chini kama maji kwenye ndoo. Ongeza na sumu ya moshi uliofungiwa mle. Kwenye mashimo yetu mafupi, ukifunua tu, upepo unaichota. Kwenye lako upepo haukufika chini.

Na haina harufu. Hilo ndilo linaloniuma. Wewe ulikuwa mtu wa pua. Nikiwa mdogo ulikuwa unasimama mlangoni asubuhi, unanusa, unasema, "Zimeiva, kalete kikapu," na shimo liko mwisho wa kibanja. Niliporudi likizo kutoka chuo ukaniuliza harufu inatembeaje mpaka ikufikie. Nikakuambia ni chembe ndogo zinazojichomoa kwenye ndizi. Zikishakuwa gesi hazivutani tena kwa nguvu kama zilivyokuwa kwenye maji ya tunda, kila moja inashika njia yake. Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema, "Kumbe majirani wanakula ndizi zangu bure."

Asubuhi ile ulinusa utamu, ukateremka ukiiamini pua yako. Kaka Projestus anasema ulikaa chini kama mtu aliyechoka, ukaegemeza kichwa ukutani. Alitaka kurukia ndani akutoe. Ma Kokugonza, jirani yako, akamshika shati akakataa kumwachia mpaka watu walipokuja na kamba wakakuvuta wakiwa juu. Angemwachia, tungezika wawili.

Sasa sikia. Ulipokuwa unachimba, huyo huyo Ma Kokugonza alipita akachungulia, akakutania: "Ta Laurian, hili si la ndizi, hili ni la mtu." Ulicheka mwenyewe ukatusimulia jioni. Ulipokufa watu wakayakumbuka maneno yale. Wakasema alikuloga, na hata alipomzuia Projestus alikuwa anahakikisha hutoki. Mjane wa watu, mliyekuwa mkiombana chumvi miaka yote.

Nilikasirika, na hasira zangu unazijua. Siku ya kuanua matanga, ukoo ukiwa umekaa, nikawaambia twende shimoni. Walikuwa wamelifunika tena kwa woga, ndizi zikiwa mle mle. Nikafunua upande mmoja, nikafunga koroboi kwenye kamba, nikaiteremsha taratibu. Ikazimika kabla ya kufika nusu. Nikaiwasha, ikazimika tena. Nikaeleza kwa Kihaya, polepole, nikiwatazama usoni. Nilidhani nimemaliza kazi.

Shangazi akasimama, akakaza khanga yake, akasema: "Mmeona wenyewe. Hata moto ameuzima."

Nikakata tawi la mparachichi lenye majani mengi, nikalifunga kamba, nikawa nalitumbukiza na kulipandisha, nalitumbukiza na kulipandisha, ili hewa safi ishuke, mpaka mikono ikafa ganzi. Nikateremsha koroboi tena. Safari hii iliwaka mpaka chini kabisa, tukaiona na kofia yako imelala juu ya ndizi. Halafu mzee mmoja akasema, tena kwa heshima, kwamba dawa ya mwalimu ina nguvu kuliko ya yule mama. Elimu yangu yote iliishia pale.

Kesho yake walimkatia Ma Kokugonza migomba. Kibanja kizima, Tata, hadi vichipukizi. Unajua maana yake kwetu. Mtu akikatiwa migomba ameambiwa hapa si kwake tena. Projestus alikuwa miongoni mwao, na panga lake. Huyo huyo aliyeshikwa shati. Sijaongea naye mpaka leo, na sijui nitaanzia wapi. Yule mama aliondoka na godoro na kuku wake, amejibanza kwa binti yake huko Rubafu. Adventina alifunga ndoa bila ngoma, akalia kanisani, padre akamsubiri. Na mimi watu wa kijijini wananipigia simu wakitaka dawa. Mmoja anataka ya ng'ombe.

Jumapili iliyopita nilikwenda Rubafu. Nilimpelekea sukari na kahawa ya kutafuna, tukakaa barazani. Nikamweleza yote: ndizi zinavyopumua, hewa inavyotulia, kwamba hakuna mkono wa mtu. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Nilipoaga akanishika mkono akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Niambie kweli. Yale maneno yangu hayakumuua?"

Nikamjibu hapana. Akashukuru. Nimeshapanda bodaboda, akaniita, akaniuliza tena.

Tata, migomba yake siwezi kuirudisha, na wewe siwezi kukurudisha. Lakini Jumapili hii nitakwenda, na ijayo nitakwenda, na kila atakaponiuliza nitamjibu hapana, mpaka aache kuuliza au mmoja wetu akufuate huko uliko. Pumzika, Tata. Akitangulia yeye, mpokee wewe mwenyewe mlangoni, umwambie.

Mwanao,
Georgina