Matunzo Yaliyokuja Mara Mbili

3 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumai hamjambo wewe, shemeji na watoto. Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia.

Ni kuhusu matunzo ya watoto. Baba yao alipopata kibarua cha usiku kwenye karakana ya pili, nilipeleka amri ya makato ya mshahara huko bila kufuta ile ya karakana ya kwanza. Nilikuwa nimemuuliza mkuu wetu hapa ofisi ya matunzo, yule tunayemwita Radi, akaningurumia nikasome faili. Nikaogopa kurudi. Tangu mwaka jana mtalaka wako anakatwa kote kuwili, na wewe unapokea mara mbili.

Kosa ni langu. Lakini Dada, wewe hukuona?

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo, ila kifua cha mwanangu Profesa kimembana tena. Juzi daktari alimuuliza anajisikiaje, naye akamuuliza daktari kama mapafu yana mifupa. Wodi nzima ilicheka.

Niliona, kwa nini nikudanganye? Nikasema neema imeshuka, nani anahesabu matone ya mvua? Imekwenda yote kwenye dawa na mashine ya mvuke. Shemeji yako ana bima ya kazini, lakini watoto sikuwaingiza. Baba yao akisikia wamo kwenye kadi ya baba wa kambo, si atasema wamepata baba mwingine, aache kulipa? Mimi si mjinga.

Funika kombe mwanaharamu apite. Sisi ni tumbo moja.

Dada yako

15 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo, na pole kwa kuuguza.

Nani alikuambia hivyo? Bima ya baba wa kambo haimwondolei baba mzazi wajibu wake hata kidogo. Shemeji anasaini kwamba anaishi nao na anawalea, wewe unapeleka cheti cha ndoa na vyeti vyao vya kuzaliwa, basi. Naona aibu. Wageni nawaeleza hayo kila siku, wewe sikukueleza, nilidhani unajua.

Jana baba yao alikuja dirishani kwangu, viatu vimeachama. Bado ananiita shemeji. “Shemeji,” akasema, “nafanya kazi mchana na usiku, mbona nauli nakopa?” Nikamjibu tutaangalia.

Dada, hili halifunikiki. Nikiripoti, ziada itafidiwa kwa kupunguza matunzo yajayo. Tafadhali waingize watoto kwenye bima kwanza. Nitasubiri hadi mwisho wa mwezi.

Mdogo wako

2 Aprili

Kwako Dada,

Shikamoo. Sijui hali zenu, kwa kuwa hukujibu.

Leo nimeripoti. Radi hakunguruma. Aliniambia nikae, na hilo lilinitisha zaidi. Akauliza, “Huyu mpokeaji ni nani wako?” Nikamwambia. Akainuka akafunga mlango. Nimeondolewa kwenye dawati hadi uchunguzi uishe. Nilimsihi wasikate matunzo yote, wakate theluthi tu kila mwezi. Amekubali.

Barua ya ofisi itakufikia. Profesa anaendeleaje? Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako

20 Aprili

Ulitaka mstari mmoja. Haya.

Ile barua yako ya bima nilimficha shemeji yako. Ningemwombaje asaini, wakati tangu tuoane namwambia kazini kwao hawapokei watoto wa kambo? Nilishauliza, nilimwambia, wamekataa. Naye aliamini, akawa ananipa posho yake ya safari ninunue dawa. Hata siku moja hakuuliza pesa ya baba yao inakwenda wapi.

Barua ya ofisi yenu aliipokea yeye, mlangoni. Aliisoma yote amesimama, hata pale ilipoandikwa kuwa watoto wa kambo huruhusiwa kwenye bima. Kisha akaniuliza kama ni kweli nilikwenda kuuliza kazini kwao. Asubuhi alikwenda kusaini mwenyewe.

Profesa amelazwa kwa kadi, anapumua vizuri, na anauliza mjomba anakuja lini. Shemeji yako hulala kwenye lori lake. Huja hospitali saa ambazo mimi sipo.

Ulifanya haki. Baba yao alikuwa anaonewa, nami nilijua. Ila usije kwanza.

Mama yao