Kichwa cha Baba, Miguu ya Mgika

Mpendwa Shangazi Mwamvua,

Shikamoo. Majibu yako gazetini nayasoma kila mara, leo nakuomba nawe unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu hapa Ibadakuli kila ninayemweleza ananikatiza katikati, na mimi nina jambo la kuamua kabla mwezi haujaisha.

Naitwa Mbuke, nilimaliza kidato cha nne sikuchaguliwa kuendelea, nikapata kazi mjini Shinyanga kwenye duka la mzee Jashvant la kuuza madaftari na kuchapa kadi za harusi, na pale dukani kuna kompyuta ambayo ndani yake nilikuta programu ya kuchorea, basi kila wateja wakipungua nachora, hakuna aliyenifundisha, nimesukuma mausi mpaka kiganja kinauma, umeme ukikatika kazi yote inapotea naanza upya, mpaka nikagundua kwamba nikichora picha nyingi zinazofanana, kila moja nikaisogeza kidogo tu, halafu nikazifungua moja baada ya nyingine haraka haraka, picha inatembea. Nilianza na kuku anayedonoa. Mzee Jashvant alicheka mpaka akamwita mkewe aje kuona, na mwanawe Vipul, anayeishi Dar es Salaam, alipokuja kuwasalimia akanipa programu ya kuziunganisha picha ziende zenyewe, akaniambia nichore kitu kikubwa kuliko kuku, kikiwa kizuri atakichukua kwenye disketi ampelekee rafiki yake anayetengeneza matangazo ya katuni ya televisheni, maana anatafuta mtu wa kujifunza kazi kwake.

Sasa Shangazi, baba yangu, mzee Maganga, ni manju wa Wagalu, yaani ndiye anayetunga na kuongoza ngoma yao, na kama umewahi kukaa Usukumani unajua Wagalu na Wagika wanavyoshindana ngoma baada ya mavuno, kila upande na dawa zake na uchezaji wake, na watazamaji wanahamia kwa anayewavuta. Baba aliumia goti kwenye machimbo ya Geita, siku hizi anaongoza nyimbo akiwa amekaa. Nikasema basi mimi nitamchezesha kwenye kompyuta. Uso nilimchora baba mwenyewe, na kilemba chake cha manyoya ya mbuni, lakini miguu sikuwa na wa kumtazama, nikamwomba kijana mmoja jirani yetu wa dukani, Masele, ambaye ni mchezaji wa Wagika, anichezee polepole nyuma ya duka, asimame kila hatua nichore, naye akakubali. Nilijua ni Mgika, lakini nilijiambia hatua ni hatua tu, nani atajua.

Picha ilipokamilika nilimleta baba dukani nikamkalisha mbele ya kioo cha kompyuta. Mwanzo alitabasamu Shangazi, niliona kwa macho yangu, halafu akasogea karibu, akasema, "Mbuke, hiyo miguu umeitoa wapi? Hiyo ni miguu ya Wagika." Akasema, "Ifute," akachukua fimbo yake akatoka, na tangu siku hiyo nikimwamkia anaitikia lakini hazungumzi nami, na wenzake wa ngoma wanasema manju ameuzwa na binti yake. Vipul, ambaye amekuja tena na anarudi Dar mwisho wa mwezi, anasema picha ni nzuri mno, huko hakuna atakayejua Mgalu wala Mgika, na nisipoipeleka rafiki yake atachukua mtu mwingine. Shangazi, nimfute baba au nimpeleke?

Mbuke M., Ibadakuli

*

Marahaba, Mbuke.

Nimekusoma mpaka mwisho. Mwanzoni nilicheka kidogo, unisamehe, halafu nikaacha kucheka.

Pole kwanza. Kujifundisha peke yako kazi ambayo hapo mjini watu hawajui hata inaitwaje, na umeme wenyewe huo, si mchezo. Tena kuna jambo katika huzuni yako umelipita: baba yako alitazama michoro akatambua miguu ni ya upande gani. Michoro mibovu haitambuliki hivyo. Kazi unaiweza, hilo tuliache.

Sasa nikugombeze. Usiniambie hatua ni hatua tu, wewe uliyelelewa na manju. Mzee wa watu ametumia ujana wake wote kuwavuta watazamaji waje upande wake, wewe unamkalisha kitini na kumwonyesha akicheza ya upande wa pili. Na huyo Masele, ulimwambia miguu yake itakaa chini ya kichwa cha nani? Hukuandika, kwa hiyo nadhani hukumwambia. Kamwambie leo, kabla hajasikia kwa wenzake.

Lakini kilichoniuma mimi si hicho. Unasema hukuwa na wa kumtazama. Mbuke, mwenye hatua hizo unakaa naye nyumba moja. Uliona goti lake ukadhani na ngoma imemtoka, hukumwuliza. Alijiona anacheza, akafurahi, kisha akaona kumbe si yeye. Hapo hata mimi ningechukua fimbo yangu.

Vipul hasemi uongo, Dar hawatajua. Baba yako anajua. Nawe utakuwa umeanza kazi ya maisha yako kwa kitu ambacho huwezi kumwonyesha mtu wa kwenu.

Kwa hiyo disketi usiipeleke, wala usiifute. Mkabidhi baba mkononi, mwambie kilichomo ni chake, na picha iliyobaki kwenye kompyuta ya mzee Jashvant utaifuta siku atakayosema yeye. Usinifanyie ujanja wa kuficha nakala. Vipul mwambie ukweli wote, na kwa sasa abebe yule kuku. Kuku si Mgalu wala Mgika. Huenda rafiki yake akasubiri, huenda akachukua mtu mwingine, na akichukua utaumia, sikudanganyi. Ila mkono uliochora haufutiki pamoja na picha.

Kisha ukitoka kazini chukua karatasi na kalamu, ukakae chini mbele ya baba yako. Goti limegoma, vidole bado vizima. Anaweza kukupigia hatua juu ya meza, moja moja, nawe ukachora. Atakuwa mkali, atakurudisha nyuma mara nyingi, vumilia. Wala usianze na maneno marefu ya msamaha, maana ataitikia tu na kunyamaza tena. Mwulize, "Baba, mguu upi unatangulia?"